Babu Yako Anafaa Kupasuliwa

Kizwite,
S.L.P. 112,
Sumbawanga.
6 Agosti 1997

Mjukuu wangu mpendwa Bertilla, mke mwenzangu,

Hujambo huko Moshi? Kazi ya dukani inakwendaje? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua na baridi hii ya kwetu. Barua yako ya mwezi wa sita uliianza na babu yako, shikamoo yangu ukaisahau. Nimeitikia marahaba mwenyewe. Usirudie.

Mahindi tumevuna, na ulezi tumeshaupura. Hatuna njaa.

Sasa sikiliza habari za mume wetu. Kile kikohozi tulichodhani TB, si TB. Picha ya kifua ilionyesha kivimbe kwenye pafu la kulia, wakatoa kinyama wakapima, ni kansa. Usianze kulia, sijamaliza. Bado changa, haijasambaa popote, na daktari mpasuaji wa Mbeya alisema ikitolewa sasa kuna matumaini makubwa ya kupona. Ila kwanza apimwe kama mwili utastahimili kisu, maana wakikata sehemu ya pafu, linalobaki lazima limtoshe kupumua.

Hapo ndipo ulipotaka kuniulia mume. Si wewe uliyemwandikia kwamba hospitali za mjini mgonjwa asipoonekana hoi anarudishwa nyumbani? Babu yako Alois akalishika hilo kama katekisimu. Mtu kashuka basi kwa miguu yake, begi begani, kufika mbele ya daktari kageuka maiti. Akiulizwa, anajibu kwa kichwa. Kutembezwa, kamning'inia baba yako mdogo Mathias. Kuambiwa apulize kwa nguvu zote kwenye bomba la mashine ya kupima pumzi, kapuliza kama anapoza uji wa mtoto.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema poleni, huyu hafai kupasuliwa, pumzi hana, atatufia mezani.

Bertilla, mimi niliishia darasa la pili, lakini macho ninayo. Nikasimama. "Mwanangu, unadanganywa. Huyu juzi kaendesha baiskeli kutoka Kizwite hadi Mazwi na gunia nyuma!" Kisha nikamgeukia yeye kwa Kifipa. Niliyosema siyaandiki, barua inapita mikononi mwa watu.

Akanong'ona, "Sasa Silvana, mgonjwa asiugue?"

Daktari kacheka hadi kavua miwani. "Mzee, ugonjwa tumeshauona. Leo tunatafuta nguvu."

Wakaenda kupanda ngazi. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna kupumzika. Babu yako alifika juu akamsubiri daktari! Mashine nayo akaipuliza mara tatu, mishipa ya shingo imemtoka, nesi anashangilia. Moyo ukapimwa, mzima.

Mwisho wakamwuliza tumbaku. Kasema ameacha. Nikatia mkono kwenye koti lake, nikaweka kifuko mezani. Sikusafiri siku nzima kwenda kuona haya. Kaamriwa asivute tena kabisa, na atembee kila siku kabla ya kupasuliwa. Kifuko nimekitupa chooni. Amenuna, lakini anatembea.

Anafaa, Bertilla! Daktari kaandika kwenye faili, akanisomea mimi kwa sauti. Tarehe kumi Septemba anapasuliwa. Wanataka ndugu wawili wa kutoa damu. Mmoja Mathias, wa pili wewe. Omba ruhusa leo, kula maharage na mboga za majani, uje. Na ukifika, umwambie babu yako kwa mdomo wako kwamba ulimshauri ujinga.

Tukirudi, basi likasimama Tunduma. Hapo akasema, "Ungenyamaza, ningekufa kwa heshima yangu." Nikamwuliza, hiyo heshima ningelala nayo mimi? Akacheka, basi zima likageuka. Akanishika mkono mbele za watu, Mfipa wa miaka sitini na saba, na hakuuachia mpaka tumefika stendi.

Mathias anakusalimu. Shangazi yako Monika anakusalimu pia, anauliza utaolewa lini. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kukutetea. Mungu akutangulie njiani, akufikishe na damu yako yote.

Ni mimi bibi yako, ninayekugombeza kwa kuwa nakupenda,

Silvana