Yule wa Kabatini

Jumatatu, 3 Machi
Nimefika kwa binti yangu. Mimba ya miezi saba, daktari kasema alale tu, asiinue hata ndoo. Mimba mbili zilishatoka. Nyumba haina pa kupita — mkwe wangu ni fundi friji, mafriji mabovu mpaka barazani! Nimeyasukuma. Chumba hakijafagiliwa. Mwanamume mzima, maombi kila jioni, ufagio haujui.

Nimebandika picha ya Mtakatifu Anna kwa ndani ya mlango wa kabati. Bibi yake Yesu. Bibi mwenzangu, tunaelewana.

Jumatano, 5 Machi
Nimejiaibisha. Fundi alikuwa anaomba na watu wa kanisa lake, macho wamefumba, jasho linamtoka. "Mungu wa Ibrahimu!" Nami nikaitikia kwa nguvu: "Utuombee!" Mazoea ya litania yetu Wakatoliki — jina la mtakatifu likitajwa, mdomo unajibu wenyewe. "Mungu wa Isaka!" "Utuombee!" Jirani mnene akaangua kicheko. Sala ikafa hapo hapo.

Baadaye Fundi akanikalisha. Kwa adabu, sitamsingizia. Mama, wafu hawasikii, mwombezi ni Yesu peke yake. Nikamwambia, mbona jana uliniomba nikuombee mgongo? Akasema, wewe uko hai, mama. Nikamwuliza, na Anna? Kwa Mungu kuna maiti? Akakuna kichwa. Akasema basi nimwonyeshe kwenye Biblia. Nikaenda kuosha vyombo. Sikuishiwa maneno. Ukurasa ndio sikuujua.

Alhamisi, 6 Machi
Binti kaiona picha. Akalia. Kumbe kwenye zile mimba mbili alikuwa anaomba huku na huku — mbele ya mume kilokole, kwa siri rozari yangu. Anaogopa Mungu alichukia kuchanganyiwa. "Mama, hii nayo ikitoka nitajua sababu. Niahidi hutamwita mtakatifu yeyote."

Nikamwambia Mungu si mke mwenza, eti ukisalimia chumba cha pili ananuna. Hakucheka. Nikaahidi. Picha nimeibandua kabla Fundi hajaiona.

Jumapili, 9 Machi
Ahadi naishika. Naomba moja kwa moja. Maneno yanaisha upesi. Kama kuingia kwa mkubwa bila mtu wa kukutambulisha — unasimama tu, unashika pochi. Nimefua mashuka.

Jumanne, 11 Machi
Hospitali. Damu ilianza kumtoka binti nikiwa nachemsha maji ya chai. Fundi kamleta na pikapu ya kubebea mafriji. Daktari kasema wanampasua sasa hivi, mama na mtoto wote wako hatarini. Hakuzungusha maneno. Nimempenda kwa hilo.

Walipokuwa wanamsukuma, binti kanishika mkono, kaning'ang'ania. "Mama, umemwambia?"

"Nani?" Kama sijui!

"Yule wa kabatini. Mwambie, mama. Mwambie!"

Mlango ukafungwa.

Tumebaki wawili kwenye benchi. Fundi kanigeukia. Mama, nani yuko kabatini? Najifanya naandika. Kauliza tena, taratibu, mikono bado ina grisi. Nikimjibu, atanikemea pepo hapa hapa mbele ya manesi. Nisipomjibu, atafikiria mengine! Huko ndani kimya. Hakuna anayetoka.

Midomo yangu imeshaanza yenyewe: utuombee, utuombee.  Fundi anaitazama midomo.