Hawakunisindikiza Lyamkena

Njombe, Jumapili. Ukungu umekaa juu ya mji tangu alfajiri, na mchana huu bado silioni bweni la wavulana ng'ambo ya uwanja. Nimevaa masweta mawili. Bado natetemeka, na sidhani kama ni baridi peke yake.

Shajara yangu, jana nilikwenda kwa akina Festo.

Festo unamfahamu, nimekuchosha naye tangu muhula uanze: yule wa mwaka wa tatu, anayeimba besi kwenye kwaya ya chuo, anayeninunulia chapati stendi halafu anajifanya ameshiba ili nile zote mbili. Nampenda. Naandika hivyo wazi nisije nikajidanganya baadaye. Anataka mshenga aende kwetu Mlangali kabla ya likizo, ila kwanza nikawasalimie kwao Makambako.

Msichana haendi peke yake kwa akina mvulana, kwa hiyo nilimchukua Enitha, ninayekaa naye chumba kimoja. Njia nzima alikuwa ananiita mama mchungaji, mpaka abiria wakaanza kuniamkia.

Lyamkena, mtaa wao pale Makambako, kulikuwa na jua na ule upepo wao wa vumbi. Tulipiga hodi, mama yake Festo akafungua. Enitha akakaribishwa kwenye kochi, akaletewa soda. Mimi, hata sikumbuki vizuri, nikajikuta jikoni. Kwetu anayekuja mara ya kwanza haingii jikoni. Hata mkwe mtarajiwa hupewa kiti kwanza, apumzike, aonekane. Nikadhani labda ni mtihani wa ugali. Nikajifunga kanga niliyopewa, nikasonga.

"Mboga haina chumvi," mama akasema, huku akichambua maharage. "Si unajua inapokaa."

Sikujua. Lakini mkono wangu ulipanda wenyewe juu ya dirisha, ukaingia kwenye kijishimo ambako fundi aliruka tofali moja, ukatoka na kopo la chumvi.

Mama wala hakushangaa.

Kisha akaja shangazi yake Festo. Enitha alimwamkia, akaitikiwa vizuri, akaulizwa habari za kwao Makete. Mimi alinitazama usoni mpaka nikainamisha kichwa.

"Umekonda," akasema. "Huko walikuwa hawakupi chakula?"

Nikamjibu kwamba chuoni tunakula. Akacheka kidogo, kama mtu anayemwachia mtoto uongo wake.

Baada ya kula, Festo, aliyekuwa ametutangulia kwao, alinipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha miparachichi. Kati ya miti kuna kaburi lililopakwa chokaa. Ni la dada yake, Upendo. Nilijua alikuwa na dada aliyefariki. Sikujua kwamba alikuwa wa umri wangu, wala kwamba kanga niliyojifunga ilikuwa yake. Festo akaniambia mama yake alikuwa hajaimba jikoni tangu msiba, na siku hiyo ameimba. Alisema kwa furaha, machozi yakimlenga. Nilitaka kumuuliza: mimi unanioa, au unanirudisha nyumbani?



Kuondoka ndiko kulikonimaliza. Mgeni husindikizwa, hata yule usiyempenda unamtoa mpaka barabarani. Mama na shangazi walimsindikiza Enitha, wamemshika huku na huku, karibu tena, wasalimie nyumbani. Mimi nilifuata nyuma peke yangu na mkoba wangu. Tulipofika kwenye bajaji, mama aliagana na Enitha kwa mikono miwili. Kwangu aligeuka tu.

"Usikawie," akasema.

Leo asubuhi nimechemsha viazi. Nikanyoosha mkono ukutani kutafuta chumvi, juu ya dirisha. Chumvi yetu iko chini ya meza, imekaa hapo tangu mwaka wa kwanza. Enitha aliniona, hakunitania. Enitha asiponitania, ujue kuna jambo.

Ndipo nikagundua kwamba jana, tangu tufike hadi tunaondoka, hakuna aliyeniuliza jina langu.

Basi nimeamua. Kesho nitamwambia Festo mshenga asubiri. Simwachi, nampenda. Ila nataka nirudi Lyamkena kama mgeni: nipige hodi, nikae kwenye kochi, niitwe kwa jina langu, na jioni mtu anisindikize mpaka barabarani. Wakiweza hayo, mshenga aende Mlangali hata kesho yake. Wasipoweza, nitalia, lakini sitaolewa pale.

Nimemsomea Enitha uamuzi wangu. Amemenya kiazi kilichokwisha kupoa.

"Ni sawa," amesema mwishowe. "Ila jana hodi nilipiga peke yangu. Wewe ulizunguka nyuma, ukaingia kwa mlango wa jikoni."