Jibu la Pili

Elia mdogo wangu,

Wewe ndiye uliyeleta likizoni yale mafumbo yenu ya chuo: watu watatu, nyumba tatu, dondoo chache, na jedwali la kuweka alama za vema na kosa mpaka ujue nani anakaa wapi. Tulikuwa uani tunamenya karanga. Nikamaliza la kwanza, nikajisifu weee. Ukahamisha vema kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na dondoo zote bado zikakubali. Nikakwambia uache ujuaji. Ukacheka mpaka ukamwaga karanga.

"Dada, likiwa na majibu mawili, fumbo limepungukiwa dondoo. Usichague tu unalolipenda."

Mbuzi wa jirani walipoibwa, kijiji chetu kizima cha Haneti kilijifanya hodari wa mafumbo. Kila mtu alikuwa msibani isipokuwa wewe na vijana wenzako wawili, Yusufu na Lameki. Yusufu alikuwa amelazwa zahanati. Mama yake Lameki akaapa kwamba mwanawe alikuwa amelala ndani. Ukabaki wewe, uliyekuwa peke yako kwenye alizeti zetu. Hakuna aliyemuuliza yule mama, naye alikuwa msibani pamoja nasi, alimwonaje huyo mwanawe.

Walikupiga kwa mipini ya majembe. Walikuvunja taya ukiwa bado unajaribu kuwaeleza. Nilimng'ata mkono mtu aliyenishika mpaka nikaonja damu yake, na bado sikukufikia. Watu tuliokula nao pilau ya Krismasi, Elia! Mshenzi mmoja alikuja kunipa pole, eti walikuwa na uhakika. Nilimfukuza kwa mchi.

Tangu hapo nalipanga na kulipangua fumbo lao. Dondoo zao zinakukubali wewe, zinamkubali Lameki vilevile. Zinamkubali hata mpita njia ambaye hakuna aliyemfikiria. Mimi najua si wewe kwa sababu nakujua, basi. Kuhusu Lameki sijui kitu.

Leo asubuhi nilikuwa namweleza baba habari za yule mama. Daudi, kitinda mimba wetu, alikuwa nje ananoa panga la kufyekea. Akaja mlangoni.

"Kwa hiyo dada, ni Lameki?"

Nikamwambia anaweza kuwa yeye, anaweza asiwe.

"Inanitosha," akasema, akaenda kuwaita wenzake.

Sikufichi, moyo wangu ulifurahi. Nilitaka Lameki alie, na mama yake amsikie. Nilitaka hivyo kwa mwili mzima. Halafu nikaokota panga aliloliacha nje, nikalifunga kwenye khanga, nikalikalia. Ndivyo nilivyokaa nikikuandikia.

Wamerudi. Nasikia Daudi anapekua jikoni, anatukana. Akifika hapa atanivuta, na ana nguvu kuliko mimi. Huenda ninamlinda mtu aliyekuponza ukafa. Huenda silindi mwizi yeyote. Nisamehe kwa lolote litakalokuwa kweli, mdogo wangu, lakini siinuki.

Lala salama.

Dada yenu