Vidole vya Kaka Vimepona

Jumamosi jioni. Niko nyumbani kwa mama, si kwangu Nyamisangura. Mvua ilianza mchana na bado inachuruzika kwenye bati. Nina hasira tangu jana, na leo imeongezeka.

Naandika kwa sababu nikiendelea kuongea na watu wa hapa nitamtukana mtu mzima.

Mama alifariki Jumatatu. Mnaosoma hapa mara kwa mara mnajua alivyougua, sitarudia. Tulikubaliana azikwe leo kwa sababu moja tu: kaka yangu Mwita alikuwa anamaliza kifungo jana Ijumaa. Mwita ndiye kifungua mimba wa mama, na kwenye ukoo wetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Kabla yake hakuna anayegusa koleo. Basi mama akalala mochwari akimsubiri mwanawe, na sisi tukajiona tumepanga vizuri.

Mwita alifungwa kwa kumpiga mwenzake wakigombea shimo la dhahabu kule Nyangoto. Alikosa, na adhabu ameitumikia yote. Hilo sina ugomvi nalo.

Jana asubuhi nilikwenda gerezani na suruali yake, viatu, na shati nililolipiga pasi mwenyewe. Alikuwepo koplo mmoja kijana, mwenye adabu zake. Alimwacha Mwita abadilishe nguo, akamkalisha mbele ya mashine ya alama za vidole. Siku hizi mfungwa akiingia wanachukua vidole vyote na picha ya uso. Siku ya kutoka anaweka kidole tena, ili ijulikane kwamba anayetoka ndiye yule aliyeingia.

Sababu naielewa. Huku kwetu ukiita "Mwita Marwa" mnadani watageuka wanaume kibao, maana majina ni ya mababu na mababu wana wajukuu wengi. Koplo aliniambia hata mle ndani wako akina Mwita Marwa kadhaa, na kabla ya mashine kuna siku liliitwa jina hilo kwenda mahakamani, akapanda gari asiyehusika. Kwa hiyo mashine siipingi. Ningekuwa mimi askari ningeiomba.

Mwita akaweka kidole gumba. Taa nyekundu. Akaweka cha shahada, nyekundu. Koplo akafuta kioo kwa kitambaa, akamwambia apanguse mikono kwenye suruali, wakarudia mkono wa kulia, wakahamia wa kushoto. Mwishowe kwenye skrini yakatokea maandishi kwamba alama hizo hazilingani na za mfungwa huyo.

Kaka yangu aliambiwa si yeye, na mimi nimesimama pale namwangalia.

Nikamshika mkono. Mkono wa Mwita ninaoujua ni mgumu, na ncha za vidole zimelika mpaka zinang'aa, kwa miaka ya kuponda mawe na kuosha mchanga kwa zebaki. Jana ulikuwa laini. Gerezani walimpanga chumba cha ushonaji, ameshona sare tangu aingie. Koplo alielewa kabla yangu. Akatueleza kwamba siku ya kuingia vidole vile havikuwa na mistari, mashine ikachukua ule upara ikauhifadhi. Sasa ngozi imepona na mistari imerudi, na mtu mwenye mistari hiyo mashine haijawahi kumwona.

Yaani kupona ndilo kosa lake jipya.

Nikauliza kuhusu picha ya uso. Ile ya siku ya kuingia ilipigwa uso umevimba kwa ule ugomvi, jicho moja limefumba kabisa. Nayo ikakataa.

"Dada, mimi huyu namjua," koplo akaniambia. "Nashinda naye kila siku. Ila sina mamlaka ya kuuruka mfumo. Mkuu peke yake ndiye anaweza, na mkuu yuko Musoma mpaka Jumatatu."

"Kifungo chake kinaisha leo, afande. Kesho atakaa humu kwa kosa gani?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo tena, na mimi nikashindwa hata kumchukia vizuri. Ningepata mtu wa kumchukia jana ningelala.

Wakamwambia Mwita avue lile shati. Alilikunja taratibu, akanirudishia, akaniomba jambo moja tu kwa Kikurya: tusimfukie mama bila yeye. Halafu wakamrudisha ndani.

Nikampigia baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa msiba. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote. Akasema mazishi hayaahirishwi. Ng'ombe ameshachinjwa, watu wametoka mpaka Mugumu.

"Na Mwita yupo," akasema. "Mwanangu ni Mwita, jina la babu yule yule. Atasimama yeye."

Damu ilinichemka. Gerezani jina peke yake halitoshi, nyumbani linatosha hata mwenye nalo asipokuwepo. Nilimwambia baba mdogo kwamba aliyezaliwa na mama yangu ni mmoja tu kati ya hao wawili. Akanijibu kwamba nimechanganyikiwa kwa msiba, nirudi nyumbani nipumzike.

Leo tukazika. Au niseme tulianza kuzika.

Mchungaji alimaliza sala, jeneza likashushwa. Baba mdogo akaita, "Mwita, njoo." Huyo Mwita wake ni kijana mpole, dereva wa bodaboda, hajawahi kumbishia baba yake mbele za watu. Alikuja, akainama, akachota udongo. Akasimama nao. Tukasubiri. Kisha akafungua kiganja, ukadondoka pembeni, nje ya kaburi.

"Baba, siwezi," akasema. "Mwenyewe yuko hai, yuko hapo gerezani tu. Akitoka nitamwangalia vipi usoni?"

Baba mdogo akaita mara ya pili, kwa sauti nyingine. Kijana akarudi nyuma mpaka akapotelea kwenye watu. Tangu Jumatatu nilikuwa sijalia. Nililia hapo, nikakaa chini kwenye matope na nguo zangu za msiba.

Wazee wakajitenga kule kwenye zizi. Walibishana mpaka mvua ikaanza, wageni wakawa wanaondoka wamenuna, wengine hata bila kula. Mwishowe wakaja na uamuzi: kaburi lisifukiwe mpaka Mwita atoke. Wakapanga mbao juu ya shimo, juu yake mabati yaliyobaki tulipoezeka jiko, juu ya mabati mawe. Wanaume wa ukoo wanalinda kwa zamu. Baba mdogo hanisemeshi, utadhani mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo mashine.

Kwa hiyo mama yangu yuko ndani ya shimo, chini ya mabati, na mvua inampigia juu. Anasubiri mkuu wa gereza arudi kutoka Musoma. Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma tena, na bado siamini kwamba inahusu nyumbani kwetu.

Kabla sijakaa kuandika, koplo alinipigia. Nilikuwa nimemwachia namba. Nilidhani anataka kunipa pole, na pole alinipa, lakini si hilo lililomfanya apige.

Mwita hajala tangu asubuhi. Amesimama ukutani anasugua vidole kwenye saruji. Jana alimsikia koplo akieleza habari ya mistari, sasa anataka vilike, virudi kuwa vile alivyoingia navyo, ili Jumatatu wasipate sababu.

"Vimeanza kutoa damu, dada," koplo akasema. "Nimemkataza, hanisikii. Wewe ni ndugu yake. Nimwambie umesemaje?"

Nimemwambia anipe muda kidogo, nitampigia. Simu ninayo hapa mkononi. Sijui nimwambie amzuie, au amtafutie ukuta mkali zaidi.