Maji ya Mena

Jumanne, 9 Januari 1996

Shuka la Mena lina damu tena. Nimeliloweka. Nimemkata kucha ingawa hakuna cha kukata, nimempaka mafuta ya mgando, nimemvalisha soksi mikononi. Ana miaka minne na ameshajua kujikuna kwa kisigino. Vumbi la Kiboriloni mwezi huu halina huruma.

Sokoni nimepanga nguo zangu za mtumba, yeye kakaa juu ya belo la nguo. Mteja mmoja alishika gauni, akaiona shingo ya Mena, akaliachia kama limemchoma. Najua alichowaza. Siku hizi kila upele ni ule ugonjwa. Nilitamani kumrushia kiatu. Nikalikunja gauni.

Alhamisi, 11 Januari

Hospitali. Daktari wa ngozi ni mama wa makamo, haharakishi mtu. Kasema yale yale. Pumu ya ngozi. Haiambukizi. Hakuna dawa ya kuimaliza, ni ya kuishi nayo. Nimelia mbele yake na sikuona aibu.

Akaniuliza mtoto anapenda nini. Nikasema maji. Kwa bibi yake Kibosho, akiingia kwenye mfereji unaopita shambani, hutolewa kwa kuburutwa. Basi mpeleke akaogelee, akasema. Maji ya bwawa la mjini yanatiwa dawa ya kuua vijidudu, kuna watoto yanawasaidia. Ila nimpake mafuta kabla, nimsuuze mara atokapo, nimpake tena kabla hajakauka. Nikizembea, ngozi itapasuka vibaya kuliko sasa.

Kuogelea. Sisi watu wa mlimani maji tunayajua ya kumwagilia migomba.

Jumapili, 14 Januari

Kwenye belo nilipata nguo ya mtoto ya kuogelea, ya kijani, ina chura tumboni. Baada ya misa tukaenda bwawa la hoteli. Mena aliingia sehemu ya watoto akacheka hadi akashikwa na kwikwi.

Kisha mama mmoja akawaita wanawe watoke majini. Wote. Akamwita msimamizi wa bwawa. Msimamizi, baba mtu mzima, akaniuliza kwa sauti ya chini mtoto ana nini. Nikamjibu kwa sauti ya juu ili wasikie wote. Akasema nimlete siku za kazi asubuhi, kunakuwa hakuna watu. Nilimshukuru na kumchukia kwa wakati mmoja.

Jumamosi, 20 Januari

Naogopa kuandika, lakini nyuma ya magoti kumelainika. Jana amelala hadi asubuhi. Nami nimelala. Nimeamka nikadhani nimekufa.

Mena amekuwa rafiki wa msimamizi. Anapenda kumtazama akimwaga ule unga mweupe wa dawa majini. Hairuhusiwi kuingia mpaka maji yatulie, naye anamkumbusha kila mtu, hata wasiomuuliza.

Jumatatu, 29 Januari

Jumamosi nilikuwa na mzigo mpya wa kufungua, nikamwacha Mena Kibosho kwa mama mkwe. Baba yake yuko Mererani anachimba, hatumwoni mpaka sikukuu. Leo nikapanda kumchukua.

Nilimsikia kabla sijafika kwenye migomba. Kile si kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu. Mwili mzima mwekundu. Ngozi ya mapaja inatoka.

Bibi akaeleza. Mena alimsimulia kwamba maji ya mjini hutiwa unga mweupe na ndiyo yanayomponya. Bibi akaona kuna haja gani ya kuhangaika na hoteli. Akasugua hori la ng'ombe likang'aa, akajaza maji ya mfereji, akatia magadi, kopo zima. Magadi ya kupikia kiburu, ndizi na maharage. Kama yanalainisha maharage, yatashindwa ngozi? Akamkalisha humo. Mena alipolia, akamshikilia, akidhani ni dawa inafanya kazi.

"Nilitaka apone, Mama Mena," alisema.

Nikamwambia hatamgusa mwanangu tena. Nimeondoka bila kumuaga. Mama mkwe. Sijali.

Alhamisi, 1 Februari

Usaha. Daktari anasema vidonda viloweshwe kila siku kwenye maji safi ya vuguvugu, visafishwe, vipakwe dawa. Nikishindwa, alazwe.

Nashindwa. Akiona beseni anapiga kelele hadi anatapika. Kitambaa kibichi tu, anajificha chini ya kitanda. Maji yanauma, anasema. Mtoto aliyekuwa hatoki mferejini bila kuburutwa. Leo nilimbana kwa nguvu ili nimwoshe. Akaniangalia, na nikaona kwamba sasa na mimi ananiogopa. Nikamwachia. Jirani kaja kuniuliza kwa nini namchapa mtoto mgonjwa.

Nimechoka. Kuna wakati nataka kufunga mlango kwa nje na kutembea, popote, nisigeuke nyuma. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumapili, 4 Februari

Homa. Sindano. Sikwenda kanisani. Sina la kumwambia Mungu ambalo linasemeka.

Ijumaa, 9 Februari

Homa imeshuka. Anakubali kitambaa akikishika mwenyewe. Beseni bado hapana.

Mchana Bibi kaja. Kasimama mlangoni na jani la isale mkononi. Mkwe kumletea mke wa mwanawe isale, sijawahi kusikia. Kwetu jani hilo ni kuomba msamaha na halikataliwi. Ukilikataa, kosa linahamia kwako.

Nilimpa shikamoo ya mdomoni tu. Nilitaka kulikataa. Nilitaka sana, acha linihamie. Kisha nikaiona mikono iliyolishika. Imebabuka hadi viwikoni. Alikuwa amemshikilia Mena ndani ya yale maji muda wote ule, na mikono yake ikiungua, na hakuitoa kwa sababu aliamini.

Nimelipokea. Moyo haujapokea. Bibi kabaki kwetu, na Mena kajificha nyuma ya belo mpaka Bibi kalala.

Jumanne, 13 Februari

Vidonda vimefunga. Daktari karuhusu bwawa, tena kasema ndiyo njia ya kumrudisha kwenye maji, tusipomrudisha tutakuwa hospitalini kila mwezi. Bibi aliomba aje nasi. Nilitaka kusema hapana.

Bwawani hakukuwa na mtu ila msimamizi. Mena aling'ang'ania mguu wangu. Nilimbembeleza, nikamwahidi soda. Nilikuwa karibu kukusanya vitu tuondoke.

Bibi alivua ndala, akakaza kanga kifuani, akashuka ngazi za bwawa. Mwanamke ambaye maji hayajawahi kumpita magoti tangu azaliwe. Yalimfika kiunoni. Alishika chuma cha ngazi, kidevu kinamtetemeka. Msimamizi alisogea karibu.

Mena alichungulia kutoka nyuma ya mguu wangu.

"Bibi, yanauma?"

"Hayaumi. Lakini naogopa, mjukuu wangu. Njoo unishike."

Mguu wangu ukaachiwa. Alishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, akisimama kila maji yalipopanda. Alipofika akashika kidole kimoja cha Bibi, kile ambacho hakikubabuka sana, akamwambia asitetemeke.

Nilikaa ukingoni na taulo mapajani, kopo la mafuta nimeshalifungua.