Mapigo ya Halidi Saa ya Adhuhuri

Jumatatu, 1 Oktoba 1984. Mutsamudu
Kungumanga kilo mbili zimesagwa kabla jua halijapanda. Karafuu kesho. Mume wangu kakimbia mpaka Ouani na kurudi, kaoga, kala maajuni yake ya viungo niliyomtwangia, kaenda zake forodhani. Adhuhuri karudi kula. Nimemlaza mkekani, vidole kwenye kifundo cha mkono wake, saa mbele yangu. 104. Mwezi wa nane alikuwa 74. Nimehesabu tena. 104.

Najua wa kumlaumu. Yule mzungu wa walinzi wa rais, aliyemgusa mume wangu Halidi tumbo kwa fimbo kwenye geti la bandari, makuli wakacheka. Mtu wa miaka arobaini na sita. Kesho yake Halidi akanunua raba, akaanza mbio. Sasa yumo kwenye timu ya wazee wa forodha. Jumapili tarehe 21 wanacheza Moroni. Jezi keshaipiga pasi mara tatu.

Jumatano, 3 Oktoba
108. Mdomo unamkauka, macho mekundu. Vumbi la njiani, anasema.

Nimezidisha maajuni. Kungumanga nusu kwa siku, si robo tena. Asali, hiliki na tangawizi vilevile. Bibi yangu Unguja akiwapa wanaume waliochoka, wakiinuka. Wazazi wangu wa hapahapa, lakini mimi nilizaliwa kule, nikaja na kinu kimoja na gauni mbili. Miaka ishirini, bado naitwa Mzanzibari. Viungo vyangu lakini wananunua. Kazi yangu naijua.

Jumamosi, 6 Oktoba
116. Leo kasimama njiani, kashika ukuta wa watu. Eti moyo unabisha hodi kama mgeni mwenye haraka. Akacheka. Mimi sikucheka. Kuanzia kesho kungumanga nzima.

Jumatatu, 8 Oktoba
Hospitali. Daktari kamsikiliza mbele na nyuma. Haoni kasoro, ila moyo unakwenda mbio na hajui kwa nini. Kauliza kama anakunywa kahawa nyingi. Hapana. Kama anatumia dawa yoyote. Hapana. Basi asikimbie, arudi baada ya wiki mbili.

Maana yake Moroni hachezi. Nyumbani kaikunja jezi, kaiweka chini ya nguo nyingine zote.

Alhamisi, 11 Oktoba
122, na hakimbii.

Barua ya wifi Zainabu, dada yake Halidi wa Badjanani, kule Moroni. Kaleta na pakiti ya vidonge vya magnesiamu, binti yake kavituma kutoka Marseille. "Wanariadha wote wa Ulaya wanavimeza. Mwambie Mzanzibari apumzike na kinu chake." Nimevificha nyuma ya kopo la chumvi. Naogopa. Nimeunguza wali, mimi.

Jumapili, 14 Oktoba
Kaondoka leo, ana kazi ya wiki nzima makao makuu ya forodha Moroni. Ilikuwa aondoke jana, lakini wale wazungu wa walinzi walileta masanduku yao uwanja wa ndege Ouani, abiria sita wakateremshwa. Yeye wa sita. Karudi nyumbani na sanduku kichwani.

Baada ya kuondoka nimekuta chupa ya maajuni juu ya kabati. Kaisahau. Siku saba bila kinga. Nimekaa chini nikalia kama mtoto.

Alhamisi, 18 Oktoba. Moroni
Nimefunga duka, nimekuja. Chupa kwenye mkoba, nimeipakata njia nzima.

Adhuhuri, kwa wifi, nikamlaza Halidi nikahesabu. 76.

Nikahesabu tena. 76. Macho meupe. Wifi kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Umeona, Mzanzibari? Vidonge vyangu, kimoja asubuhi, kimoja jioni." Alikuwa na pakiti nyingine. Nimefurahi na nimeona aibu, vyote kwa pamoja. Lakini hesabu inanikera. Vitu viwili vimebadilika siku moja: vidonge vimeingia, maajuni yametoka. Mizani haipimi hivyo.

Ijumaa, 19 Oktoba
Nimeomba vidonge visimame siku mbili, na chupa yangu ibaki mkobani. Wifi kaniambia nina kijicho. Halidi kakubali, anikubalia kila kitu.

Bila vidonge: 75.

Jumamosi, 20 Oktoba
Bila vidonge siku ya pili: 74. Kwa hiyo si vidonge. Kimebaki kimoja.

Asubuhi nilijipima mwenyewe. 78. Nikala maajuni, kipimo chake kile kile, kungumanga nzima. Adhuhuri: 114. Mdomo mkavu kama gamba la nazi. Nikajitazama kwenye kioo cha wifi. Macho mekundu.

Mimi. Si mzungu, si mbio. Mimi, kwa mkono wangu, kwa kijiko changu.

Nimemwambia Halidi yote. Nikamuuliza kwa nini daktari hakuambiwa. Kasema, "Aliniuliza dawa, mama watoto. Nilikuwa sili dawa. Nilikuwa nakula chako." Alikuwa haipendi hata ladha yake, kumbe. Akila kwa sababu nilikuwa natwanga kwa mkono na mashine ipo.

Wifi nimemwambia pia, heri alisikie kwangu mwenyewe. Kacheka mpaka leso ikamdondoka. Halafu kanipa maji ya ndimu na kunilaza kitandani kwake, kanipepea mpaka moyo ulipotulia. Kwamba na vidonge vyake havikufanya kitu, hilo sikulisema.

Jumapili, 21 Oktoba
Asubuhi tumempelekea daktari wa hapa chupa yenyewe. Kanusa, katikisa kichwa. Kungumanga nzima kila siku ni sumu. Kwenye pilau, sawa. Mbio aanze baada ya wiki, kwa kutembea kwanza.

Halidi hakucheza. Kavaa jezi, kashika kibendera cha pembeni. Forodha wamefungwa tatu kwa moja. Kabishia goli la pili mpaka refa akachoka.

Jumanne, 30 Oktoba. Mutsamudu
Daktari wetu kamsikiliza, kaandika kungumanga kwenye karatasi yake. Maajuni niliyobaki nayo nimeyafukia nyuma ya nyumba. Dukani sasa nawaambia wateja kipimo, hata wasipouliza.

Asubuhi tumetembea pamoja njia ya Ouani, yeye na raba zake, mimi na kandambili. Walinzi wametupita mbio, mzungu wao mbele. Halidi hakuongeza mwendo.

Adhuhuri: 73.

Nilipomwachia mkono, akaushika wangu. Anataka kuhesabu na yeye. Kafika arobaini na kitu, kapotea, kaanza tena moja. Sikumsahihisha.