Udongo Ambao Hukuutupa

Mdogo wangu Deo,

Mama ameanza kuacha mlango wa chumba chako wazi. Anasema anataka hewa ipite. Mimi nikipita na ndoo ya maji nageuza uso, kwa sababu upepo wa huku kwetu unaujua: unaingia, unatikisa shuka kitandani, na kabla sijakumbuka kwamba umekufa, miguu yangu imeshasimama kusikiliza kama unapumua. Miaka mingi nilisimama hivyo mlangoni kwako. Mwili umezoea. Haujapata taarifa za msiba.

Nataka tuzungumze kuhusu siku tuliyomzika baba. Hatukuwahi kuizungumza waziwazi, na sasa inanijia kwa namna ambayo nadhani ni wewe tu ungeielewa.

Tulikuwa bado kijijini, ng'ambo ya Matai. Mvua zilikuwa zimekolea. Ulikuwa darasa la saba, mtoto wa kiume pekee, na kila mtu alijua kwamba baada ya padri na mama, wewe ndiye utakayetupa udongo kaburini. Jeneza lilipoinuliwa tu pale nyumbani, ukaanguka. Kifafa kilikuangusha katikati ya watu, na watu wale wale waliokuwa wakilia wakarudi nyuma mpaka ukutani. Shangazi akapaza sauti: "Msimguse! Povu hilo linaambukiza!" Nikakulaza ubavu, nikavua kitenge changu, nikakiweka chini ya kichwa chako. Baba mdogo akainama akaninong'oneza, "Baki naye, mama. Mvua inakuja, hatuwezi kusubiri."

Wakaondoka wote. Tukabaki sisi wawili na viti vitupu. Makaburi yalikuwa nyuma ya mashamba ya ulezi, na sauti ya kwaya ilitufikia ikikatikakatika, kwa kadiri upepo ulivyotaka. Ulikuwa umelala, kichwa chako mapajani kwangu, ukikoroma kwa nguvu. Kwaya ikanyamaza. Ulipofumbua macho uliniuliza, "Dada, wameshamtoa baba?"

"Wameshamzika," nikakujibu.

Hukulia. Uligeukia ukuta. Ulikataa uji, ukakataa maji, ukakataa hata kuitika unapoitwa. Asubuhi iliyofuata mama akaja akaketi kwenye mkeka wako, akakusemesha kwa Kifipa, taratibu, kama anavyosema na mtoto mchanga. Alikwambia kwamba ulikuwepo. Kwamba ulizinduka, ukashikwa mkono, ukaenda nao, ukatupa udongo kama mwanaume, ila ugonjwa umekusahaulisha. Alipomaliza akaniangalia juu ya kichwa chako. Nikainama, nikakikunja kitenge changu. Nawe ukakaa kitako, ukaomba uji.

Mwanzoni uliyarudia maneno ya mama kama mwanafunzi anayekariri. Baada ya muda tope likaongezeka kwenye hadithi, likakunata viatuni. Kisha mkono wa baba mdogo ukaja begani kwako. Kisha lile bonge la udongo ulilolishika, likiwa na mzizi wa nyasi ukining'inia. Mzizi ule, Deo! Hakuna aliyekusimulia habari za mzizi. Ulitoka wapi?

Tulipohamia hapa mjini, Malangali, mimi nikafungua kibanda cha nafaka sokoni, wewe ukapata kazi ya kufyatua matofali. Tajiri wako alikupenda kwa sababu hukuwa na uvivu, lakini alikukataza kulisogelea tanuru, na hilo lilikuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Kifafa kilipozidi tukapanda basi kwenda Mbeya, hospitali kubwa. Walikuvisha kofia yenye nyaya nyingi. Ukaniambia, "Dada, naonekana kama redio iliyofunguliwa," na muuguzi akacheka mpaka akakosea kubandika waya.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kusomea. Alitugeuzia kioo cha kompyuta tukaona mistari inayopanda na kushuka. Alisema seli za ubongo zinazungumza kwa umeme, na hazizungumzi ovyo. Zina midundo yake. Kundi moja linapiga, jingine linaitikia. Seli zinazopiga pamoja zinashikana, na pale zinapopokezana habari panaitwa sinapsi. Sinapsi ikitumika mara kwa mara inakuwa imara, ikiachwa inalegea. "Kumbukumbu ni kule kushikana," akasema. Kisha akaonyesha mahali ambapo mistari ilisimama kama miiba. "Hapa seli nyingi mno zinapiga kwa mkupuo mmoja. Watu wote wakipiga kelele pamoja, hakuna neno linalosikika."

Ukamuuliza lile swali lako la siku zote. "Daktari, vile vyote nilivyosahau nikiwa nimeanguka, vimekwenda wapi?"

"Havikwenda popote, kijana. Havikushika tangu mwanzo."

Ukaniangalia. Nikafungua pochi, nikatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Akakuuliza unafanya kazi gani. Ukamwambia. Akafurahi, akasema basi utamwelewa haraka: jambo la mchana ni tofali bichi. Ukilala usingizi mzito, ubongo unayarudia mambo ya mchana kwa mawimbi ya polepole, na ndipo yanapokauka. Kwa hiyo ulale vya kutosha na usiruke vidonge. Halafu, kupima tu, akakuomba umsimulie jambo la zamani unalolikumbuka vizuri.

Ukamsimulia mazishi ya baba.

Ulisimulia vizuri, Deo. Tope, mkono begani, bonge la udongo, sauti yake lilipogonga mbao. Daktari aliacha kuandika. Mimi nilikuwa naangalia picha ya ubongo iliyobandikwa ukutani, nikisoma majina ya sehemu zake moja baada ya jingine bila kuelewa hata moja.

"Pole sana," daktari akakwambia. "Umehifadhi vizuri. Lakini ujue, kila mtu akikumbuka jambo, linaweza kulainika kidogo, kisha likakauka upya. Likiwa laini, kingine kinaweza kuingia. Hata sisi wazima tunabadilisha kumbukumbu zetu bila kujua."

Ukacheka. "Hii haibadiliki, daktari. Hii naiona kabisa."

Wakati wa kurudi basi lilisimama Laela. Wauza mahindi ya kuchoma wakajazana madirishani, ukanunua mawili, ukanipa lililoiva vizuri. Halafu, bila kunitazama, ukauliza, "Dada, siku ile ya baba, wewe ulisimama upande gani? Kila mtu namwona. Wewe sikuoni."

Basi lilikuwa linaunguruma. "Nilikuwa karibu na wewe," nikakujibu.

Ukatikisa kichwa kukubali, ukaendelea kula.

Vidonge vilikusaidia. Ulinenepa, ukaanza kumtaja msichana mmoja wa kwaya, ukapanga kujenga. Ndiyo maana mama alipokukuta asubuhi ile, umelala kifudifudi, hakupiga kelele. Alidhani umechoka. Alikaa pembeni yako muda mrefu akikusubiri uamke, na mimi nilipoingia akaniashiria ninyamaze.

Tulikuzika kijijini, karibu na baba. Baada ya matanga, tukichambua maharage uani, nikaona nizungumze na mama. Nilitaka tu tukumbuke pamoja ile huruma aliyokufanyia. "Mama, Deo aliamini mpaka mwisho kwamba alifika kaburini kwa baba."

Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Si alifika?"

"Mama. Alikuwa ameanguka. Nilibaki naye nyumbani."

"Mlikuja baadaye, nyote wawili. Wewe ulikuwa umemshika mkono huu." Akaugusa mkono wangu wa kushoto. "Alitupa bonge la udongo lina mzizi. Mimi nilikuwa pale, mwanangu."

Hakuwa ananidanganya, Deo. Namjua mama akidanganya. Nikampigia simu baba mdogo. Akasema ni mambo ya zamani hayo, lakini anavyokumbuka alikuwa amekushika bega.

Sasa sikiliza kinachonitesa. Nimeanza kuliona kaburi. Nikiwa kibandani napima ulezi, ghafla niko pale: mvua imeanza, mkono wako uko ndani ya mkono wangu wa kushoto, una joto, na bonge linatoka vidoleni mwako. Nasikia likigonga. Halafu nautafuta uzito wa kichwa chako mapajani kwangu, viti vitupu, kwaya inayokatika, na kila mara naviona hafifu zaidi. Nilikuwa shahidi wa mwisho. Sasa hata mimi nageuka.

Nikinyamaza nisiisimulie tena siku ile ya baba, naiacha ilegee mpaka iishe. Nikiisimulia, nailainisha. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta. Nimechagua kusimulia. Na kwa kuwa nimechagua hivyo, nakuandikia pia ile siku yetu ya mwisho, ambayo sijamgusia mtu, hata mama.

Ulikuja kibandani saa za mchana, udongo umekukaukia mpaka viwikoni. Ulimwamkia yule bibi jirani yangu, "Shikamoo bibi," akakujibu huku anakusogezea kigoda. Ulikula nusu ya ndizi yangu bila kuomba. Ukasema sakafu yangu ina unyevu, utaniletea matofali ya kuwekea magunia. Nikakwambia, "Wewe kwa ahadi!" Ukacheka, ukaenda zako ukipita kwa wauza dagaa. Ulikuwa umevaa sweta la kijani.

Nadhani lilikuwa la kijani. Juzi nilipolikumbuka lilikuwa la bluu, na kabatini mwako, Deo, hakuna sweta lolote.

Pumzika, mdogo wangu. Ukinijia usingizini, njoo umelivaa, nilione.

Dada yako